Udungaji wa Vitegemezi katika Kazi za Usuli: Uhakiki
Mwaka 2004 Martin Fowler aliupa jina udungaji wa vitegemezi: klasi haijiundii inachokihitaji, bali hupewa kupitia kiundaji chake. Mkabala huu hufaa pale ombi linapoanza na kukoma upesi. Kazi ya usuli, yaani ile iendeshwayo bila kusubiriwa na mtumiaji, ni suala jingine. Katika ASP.NET Core, BackgroundService huishi kadiri programu inavyoishi, ilhali DbContext kwa kawaida huishi ndani ya mawanda ya ombi moja. Ya pili ikidungwa katika ya kwanza, hugeuka mateka, ikiendelea kushikilia data iliyochakaa. (Kosa hili hunaswa katika mazingira ya usanidi, katika matumizi halisi, ukaguzi huo huwa umezimwa kwa chaguo-msingi.)

Suluhisho lililozoeleka ni kudunga IServiceScopeFactory na kufungua mawanda mapya kila mzunguko. Linafanya kazi, lakini kiundaji hakisemi tena klasi inahitaji nini. Na kasoro hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya Mark Seemann, mwaka 2010, aukatae utafutaji wa huduma ndani ya klasi. Tunaona inafaa zaidi kazi yenyewe ikae katika klasi yake, yenye kiundaji kinachotaja DbContext waziwazi, na BackgroundService ibakiwe na jukumu la kufungua na kufunga mawanda tu.