Wasifu wa Mhasibu: Maelezo au Sifa?

Tumesoma wasifu wa waombaji kadhaa wa kazi za uhasibu, ulioandikwa kwa Kiswahili, na hatukuridhika. Neno wasifu lina udugu na sifa. Na sifa ni hali ya kitu, tena ni kukisifu. Wengi wameshika maana ya pili. "Mwaminifu, mchapakazi, hodari wa mahesabu": mwajiri ataupimaje uhodari huo?

Kasoro kubwa zaidi ni ya istilahi. Aliyejaza hati za malipo na leja hujiita mhasibu, ilhali alikuwa karani wa hesabu. Mwingine adai "alikagua hesabu", kumbe alilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Hapa Tanzania, tangu sheria ya mwaka 1972 iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, taaluma hizi zina usajili wake.

Aandike basi: "Nilifanya usuluhishi wa benki kila mwezi; nilitayarisha mizania ya mwaka." Twakiri kwamba usuluhishi huwakumbusha wengine ugomvi wa mume na mke. Hata hivyo neno limekwisha kuzoeleka katika taarifa za ukaguzi, wala hatuoni haja ya kubuni jingine.