Uzito wa Pigo: Fani na Maudhui katika Filamu za Mapambano za Siku Hizi

Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi filamu ya mapambano huhesabiwa kuwa burudani ya vijana wasio na kazi. Riwaya huhakikiwa, tamthilia huhakikiwa, ushairi huandikiwa tasnifu. Lakini filamu ambayo shujaa wake husema kwa ngumi na bastola huachwa mlangoni, kana kwamba haina fani wala maudhui. Jambo hili linashangaza hasa nchini Kongo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walizitazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakajiita "Bills" kwa kufuata jina la Buffalo Bill, wakaiga mavazi na mwendo wa wahusika hao, na hatimaye wakawa na lugha yao ya mitaani iliyoitwa Hindubill. Sanaa iliyoshiriki katika kuzaa lugha haifai kudharauliwa na watu ambao kazi yao ni lugha.

Makala haya yanakusudia kuzipima baadhi ya filamu za aina hiyo zilizotoka tangu mwaka 2004, kwa mizani ileile inayotumiwa kupimia riwaya. Hoja inayotetewa ni moja: filamu ya mapambano huwa nzuri pale pigo linapokuwa na uzito. Uzito huo una pande mbili. Upande wa kwanza ni wa fani: je, mtazamaji anaona ni nani aliyepiga, ni nani aliyepigwa, na ni mahali gani? Upande wa pili ni wa maudhui: je, pigo hilo linamgharimu mtu kitu chochote? Filamu inaweza kufaulu upande mmoja na kushindwa upande wa pili, na ndiyo sababu pande hizo zitachunguzwa moja baada ya nyingine.

1. Fani: haki ya jicho

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Waongozaji wengi wa miaka ya 2000, hata hivyo, walimwambia mtazamaji atazame huku wakimnyima cha kutazama. Chanzo cha mtindo huo hutajwa mara nyingi kuwa Paul Greengrass, Mwingereza aliyeongoza The Bourne Supremacy (2004) na The Bourne Ultimatum (2007). Katika filamu hizo kamera hushikwa mkononi na kutikisika, na vipande vya picha ni vifupi mno. Lakini haki inadai isemwe kwamba kwa Greengrass mtikisiko huo una sababu. Jason Bourne ni mtu aliyepoteza kumbukumbu, anayewindwa na serikali iliyomfunza kuua. Kutikisika kwa kamera ni kutikisika kwa akili yake. Hata anapopigana katika chumba chembamba mjini Tangier, akitumia kitabu kama silaha, mtazamaji bado anaelewa nani yuko hatarini. Filamu ya mwaka 2007 ilipata tuzo tatu za Oscar, mojawapo ikiwa ya uhariri, na haikuipata kwa bahati.

Kosa ni la waigaji. Wao walichukua mtikisiko wakaiacha sababu. Mfano unaojulikana sana kwa wapenzi wa filamu hizi ni Taken 3 (2014) ya Olivier Megaton, ambamo Liam Neeson anaruka ua, na tendo hilo la sekunde chache limekatwakatwa katika vipande zaidi ya kumi. Mtazamaji haoni mtu akiruka ua. Anaona mkasi ukifanya kazi. Pale ambapo mwili wa mwigizaji hauwezi, uhariri hujaribu kumsaidia, na msaada huo ndio unaomwaibisha.

Jibu lilitoka mahali ambapo wengi hawakulitazamia. Mwaka 2011 Gareth Evans, mwongozaji kutoka Wales, alitoa filamu iitwayo The Raid, iliyotengenezwa Indonesia kwa lugha ya Kiindonesia na kwa waigizaji waliobobea katika pencak silat, sanaa ya mapigano ya nchi hiyo. Kisa chake ni chepesi: kikosi cha polisi kinaingia katika jengo refu la Jakarta linalotawaliwa na mkuu wa wahalifu, kisha milango inafungwa. Wepesi huo ni hila ya mtunzi hodari. Kwa kuwa mtazamaji ameshajua kwamba juu ni kwa adui na chini ni kwenye njia ya kutokea, kila ngazi na kila ukumbi una maana. Mandhari hapa si pambo. Ni kiini cha msuko. Kamera ya Evans hukaa mbali vya kutosha kuonyesha miili mizima, na kipande hakikatwi mpaka pigo limefika.

Inafaa pia kuangalia jinsi taharuki inavyojengwa bila pigo lolote. Rama, askari aliyechezwa na Iko Uwais, amejificha nyuma ya ukuta pamoja na mwenzake aliyejeruhiwa. Adui anauchoma ukuta kwa panga, na ncha inampasua Rama shavuni. Hapigi kelele. Panga linapovutwa nyuma, analipangusa damu ili adui asijue kwamba limegusa nyama. Hakuna neno linalosemwa, na hakuna neno linalohitajika.

Yapasa kutahadharisha, hata hivyo, kwamba kipande kirefu peke yake si dawa. Mad Max: Fury Road (2015) ya George Miller ina vipande zaidi ya 2,000 katika muda wa saa mbili hivi, na bado jicho halipotei. Miller na mhariri wake, Margaret Sixel, waliliweka jambo muhimu katikati ya picha kila mara, hivi kwamba picha inapobadilika jicho halihitaji kutafuta. Sixel alipata Oscar kwa kazi hiyo. Filamu hiyo ilipigwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia, baada ya mvua kuyaotesha maua katika eneo la Australia lililokuwa limechaguliwa. Basi kanuni si urefu wa kipande, bali ni heshima kwa macho ya mtazamaji.

2. Maudhui: nyasi zilizoumia

Methali yasema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hii inaweza kuwa kipimo kizuri cha maudhui. Ukitaka kujua kama filamu ya mapambano inasema kweli, usiwatazame tembo, zitazame nyasi.

Chukua John Wick. Filamu ya kwanza (2014) iliongozwa na Chad Stahelski, ambaye kabla ya hapo alikuwa akicheza sehemu za hatari badala ya Keanu Reeves katika The Matrix (1999). Msingi wake ni mdogo na wa kibinadamu: mjane anauliwa mtoto wa mbwa aliyeachiwa na mkewe aliyefariki. Watu walicheka waliposikia kisa hicho, lakini mbwa yule alikuwa na uzito, kwa sababu alikuwa ndiye kumbukumbu ya mwisho ya mkewe. Kufikia filamu ya nne (2023), yenye dakika 169, uzito huo umepungua sana. Kwa fani filamu hiyo ni ya kustaajabisha; shujaa anapopanda ngazi 222 za Montmartre mjini Paris na kuporomoshwa mpaka chini, mtazamaji anazihisi ngazi hizo magotini. Lakini wahusika wamevaa suti zisizopenya risasi, na mamia ya waliokufa hawana majina. Zaidi ya hayo, katika ukumbi wa dansi mjini Berlin shoka linafanya kazi yake huku wachezaji wakiendelea kucheza, na kwenye mzunguko wa Arc de Triomphe magari yanaendelea kupita kati ya maiti. Katika ulimwengu huo tembo wanapigana na nyasi haziumii. Ni dansi nzuri. Haiwezi kuwa zaidi ya dansi.

Kinyume chake ni Viva Riva! (2010) ya Djo Tunda Wa Munga, filamu ya Kinshasa inayozungumza Kilingala na Kifaransa. Riva anarudi nyumbani kutoka Angola na shehena ya petroli ya wizi wakati ambapo mji mzima umekaukiwa na mafuta. Anafuatwa na César, bwana wa genge kutoka Angola, na yeye mwenyewe anamfuata Nora, mwanamke wa mkubwa mwingine wa wahalifu. Vifaa vyote vya filamu za kusisimua vimo: gari la shehena, fedha, mwanamke mrembo, adui asiye na huruma. Lakini kitu kinachogombaniwa si almasi wala siri ya serikali. Ni petroli, kitu ambacho kila mkazi wa mji anakisubiri. Kila dumu linalofichwa ni gari lisilokwenda. Nyasi ni Kinshasa yenyewe. Ndiyo maana hakuna ushindi mwishoni, na tamaa inawameza karibu wote walioifuata. Mtazamaji wa Goma au Bukavu, aijuaye sauti ya bunduki kwa masikio yake mwenyewe, hatasema kwamba Munga amemdanganya.

Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga inasogea hatua moja zaidi, kwa kuwa shujaa wake ni mpenzi wa filamu hizi. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapambano na kuziigiza mbele ya wateja ili wanunue. Anakwenda Nairobi kuwa mwigizaji, anaibiwa mara tu afikapo, anajikuta mahabusu, kisha anaingia katika kundi la wezi wa vipuri vya magari. Usiku mwizi, mchana mwanatamthilia. Alichokiiga kijijini kwa kicheko kinamrudia mjini kikiwa kifo cha wenzake. Filamu hii, iliyosemwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili na Sheng, ni uhakiki wa filamu za mapambano uliofanywa ndani ya filamu yenyewe.

Huenda mtu akapinga kwamba hoja hii inageuza burudani kuwa mahubiri, na kwamba mtu aliyechoka ana haki ya kutazama dansi ya ngumi bila kudaiwa machozi. Pingamizi hilo lina ukweli. John Wick haina deni la kuwa Viva Riva!. Lakini haki ya kuburudika haiondoi tofauti ya thamani. The Raid inaburudisha kuliko nyingi, na bado ndugu ya Rama yumo katika jengo lile, upande wa adui. Wanapopigana bega kwa bega dhidi ya Mad Dog, mtazamaji anajua ni nini kitakachopotea.

3. Msimulizi: mahali pa Kiswahili

Filamu hizi hazikufika Afrika Mashariki zikiwa bubu. Nchini Tanzania Lufufu alivuma kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia wafuasi wengi kwa kazi kama hiyo. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Huwapa wahusika majina ya nyumbani, hutabiri, hudhihaki, hutoa methali, na humwonya shujaa kana kwamba anaweza kusikia. Kwa maneno mengine, huwapa uzito watu ambao mwongozaji aliwanyima. Mlinzi asiye na jina anayekufa kwa sekunde mbili hupewa jina, mke na deni la kodi ya nyumba, na kifo chake huwa na mwenyewe. Hii ni kazi ya fanani wa hadithi, iliyohamia penye mashine ya video.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba filamu ya mapambano ina fani yake, na kwamba fani hiyo huanza na heshima kwa jicho. Imeonyeshwa pia kwamba fani bora haitoshi pale ambapo kifo hakina mwenyewe. Kwa idara za Kiswahili kuna kazi inayosubiri: masimulizi ya wasimulizi wa video hurekodiwa, huuzwa na kusahauliwa, na maneno yao hupotea pamoja na kanda na diski zilizoyabeba. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Aende penye benchi la mbao na televisheni ya mtaani, akiwa na daftari, asikilize jinsi pigo la Jakarta linavyotua kwa Kiswahili.