Ardhi Isiachwe Uchi

Uyole, kama kwingineko Mbeya, uwanja huitwa safi ukifagiwa mpaka udongo ukaonekana. Desturi hiyo ina heshima yake, lakini udongo wetu, uliotokana na majivu ya volkano, ni mwepesi. Ukiachwa uchi, mvua za Novemba huuteremsha mtaroni, na upepo wa kiangazi huchukua uliosalia. Ndiyo maana nausifu ufundi usiosifiwa: kuitandikia bustani mkeka hai wa mimea ya ukoo wa ndago. Darasa lake liko jirani. Katika uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, mimea ya ukoo huo imeshika mabonde chepechepe bila mkono wa mtu, baridi kwa jua.

Mkulima atashtuka: ndago tena? Hofu yake ni ya haki. Ndago ya shambani huficha vinundu ardhini, na kila kinachosahauliwa na jembe huchipua. Lakini kosa la mmoja halibebeshwi ukoo wenye aina zaidi ya 5,000. Zipo zinazokaa kwa vishungi na kutanuka taratibu, na ufundi wenyewe ni kuzitambua. Zungusha bua vidoleni: la ukoo huu kwa kawaida lina pembe tatu na halina vifundo, tofauti na la nyasi. Kisha chimbua kichaka kimoja uitazame mizizi. Ukiona vinundu au mashina yanayotambaa chini kwa chini, kiache huko huko. Kilichofaulu kigawe vipande vyenye mizizi, uvipande mvua zinapoanza, upalilie msimu wa kwanza mpaka majani yakutane. Tangu hapo majani huvunja kishindo cha matone na kuyanyima magugu mwanga, nayo mizizi hufunga udongo.

Wapo watakaosema majani huficha nyoka. Basi mbele ya mlango na wanapochezea watoto pabaki pakifagiwa. Mkeka huu ni wa mteremko, kingo za mtaro na chini ya miparachichi. Wengine watauliza unalisha nani. Haulishi mtu moja kwa moja, ila unalinda udongo unaolisha wote. Mvua kubwa ikinyesha, tuyatazame maji yanayotoka uwanjani kwetu. Yakiwa na rangi ya udongo, uwanja huo haukuwa safi, ulikuwa unahama.