Kabla ya Dawa, Mkono

Msichana aliingia ameshika simu, na kabla hajavua koti alikuwa ameshaielekeza skrini kwa mwenye saluni. Picha ilikuwa ya mwigizaji wa tamthilia: nywele ndefu, zimenyooka toka utosini hadi usawa wa shavu, kisha zinaanza kujikunja mawimbi mapana yanayoshukia mabegani utadhani hayakuguswa na mtu. Mwenye saluni, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, aliitazama picha mara moja tu. Akaiacha simu, akashika nywele zenyewe. Alichambua unywele mmoja nyuma ya sikio, akaulowesha, akauvuta taratibu. Unywele ukarefuka, ukaendelea kurefuka, haukurudi. Akatikisa kichwa. "Leo hapana," alisema. "Tupunguze ncha, ukae miezi kadhaa bila blichi, halafu uje." Msichana alisihi, akabembeleza, mwishowe akalipia kukatwa ncha na kuondoka amenuna.

Saluni hiyo ilikuwa katika kichochoro cha Imun-dong, Seoul, si mbali na Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, chuo ambacho Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazofundishwa. Nilikuwa nimemsindikiza rafiki, nimekaa kwenye benchi la kusubiri. Nimekaa katika saluni nyingi, za kwetu na za ugenini, na nimesikia ahadi za kila aina. Kukataliwa nimekusikia kwa nadra. Kumrudisha mteja aliyekuja na pesa mkononi, tena siku ambayo viti viko vitupu, kunataka ujuzi na kunataka moyo. Dawa ya kukunja nywele anauziwa yeyote, na dakika za kuiacha zimeandikwa ubavuni mwa chupa. Ambalo halikuandikwa popote ni hali ya kichwa kilichoketi mbele yako. Ufundi wa pama, kama Wakorea wanavyoiita, unaanzia hapo. Wengi siku hizi wanaanzia kwenye chupa.

Ukutani kulikuwa na orodha ya bei yenye majina ya kutosha kumchanganya mgeni. Kuna mkunjo wa C, ambao ncha tu ndizo zinazoinama kuelekea shingoni. Kuna wa S, wenye wimbi linalokwenda na kurudi. Kuna pama ya hipi, ya jeli, ya bildi, na kila msimu huzaa jina lake. Yule mama hakuyajali sana majina. Swali lake la kwanza kwa mteja lilikuwa: asubuhi unaamka saa ngapi? La pili: huwa unalala na nywele mbichi? Ungedhani ni soga za saluni, na kumbe majibu ndiyo yanayoamua.

Pama ya baridi hukunjwa kwa rola na dawa pasipo moto, na mawimbi yake huonekana vizuri zaidi nywele zikiwa mbichi. Zikikauka hulegea na kufumuka. Ya moto, ile wanayoiita ya dijitali, ni kinyume chake: nywele hulainishwa kwa dawa, husuuzwa, kisha huzungushwa kwenye rola zilizochomekwa nyaya mpaka zikaukie humo humo, na wimbi lake hujitokeza nywele zikiwa kavu. Mtu anayeoga na kukimbilia treni nywele zikichuruzika maji, ukimpa ya moto umemdhulumu. Anayepata robo saa ya kusimama mbele ya kioo, draya mkono mmoja, mkono wa pili ukizisokota nywele kwa kidole huku zinakauka, huyo ya moto itakaa naye vizuri. Mwenye nywele zilizochoshwa na blichi hapewi hii wala ile. Dawa ya kwanza hufungua vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele, ya pili huvifunga upya katika umbo la rola, na unywele ambao vifungo vyake vilikwisha kuliwa hauna cha kufungwa. Haya yote yule mama hakuyaeleza kwa mtu. Aliuvuta unywele, akajua.

Kilichonishika macho zaidi ni karatasi. Vikaratasi vyepesi, vidogo kuliko kiganja, vimepangwa rundo pembeni ya trei ya rola. Alipasua fungu la nywele kwa mkia wa kitana, upana wake sawasawa na rola itakayolibeba, akaliinua juu, akalichana toka shinani hadi nchani bila haraka. Kisha akakunja karatasi ikazikumbatia nywele, akaiteleza kuelekea nje mpaka ikazipita ncha kidogo, ukingo wa karatasi ukiwa mtupu. Ndipo rola ikaja chini yake. Mzungusho wa kwanza ndio aliouangalia. Iliyobaki vidole vilijiendea vyenyewe huku yeye akifuatilia taarifa ya habari kwenye televisheni. Nilimwona akifungua rola aliyokwisha kuifunga, kwa kuwa ncha mbili tatu zilijikunja vibaya ndani ya karatasi. Hakuna mteja ambaye angeziona. Lakini ncha ikipindia ndani hutoka imepinda hivyo hivyo baada ya dawa, na hakuna dawa ya kuinyoosha peke yake. Itabaki kusubiri mkasi. Akachana upya, akaweka karatasi mpya, akafunga tena. Mpira wa kuishika rola aliuvuta kwa namna ambayo haukukandamiza shina, maana dawa ikiukuta mpira umebana, unywele hukatikia pale pale.

Muda nao hakuukabidhi kwa saa peke yake. Saa ilikuwepo, ya plastiki, yenye kengele ya kuudhi. Kabla kengele haijalia alikuwa ameshafungua rola moja ya kisogoni, mzungusho mmoja na nusu tu, akaisukuma kidogo kuelekea ngozi ya kichwa na kulitazama wimbi lililojiunda. Likiwa limelegea, aliirudisha rola na kungoja. Likiwa limesimama, alisuuza hata kama kengele ilikuwa na dakika zake bado. Harufu ya dawa ilijaa chumbani, ile harufu kali ya salfa na amonia ambayo kila aliyewahi kukaa saluni anaijua, na kwenye kiti cha mwisho bibi mmoja mwenye rola kichwani alikuwa akimenya viazi vitamu na kutugawia. Wazee wengine hawakukaa kabisa. Walijifunga bojagi, kile kitambaa cha mraba cha kufungia mizigo, juu ya rola na dawa, wakaenda zao sokoni kununua vitunguu na kurudi wakati wa kusuuzwa. Ukimwona mmoja wao kwa nyuma, kichwa kimevimba ndani ya kitambaa, ungeapa ni bibi wa kwetu aliyejitanda kanga kwenda msibani.

Pama haikuzaliwa Korea. Mjerumani Karl Nessler, akiwa London mwanzoni mwa karne ya 20, alikunja nywele kwa vyuma vya moto, na inasimuliwa kuwa za mkewe Katharina ndizo zilizoungua kwanza. Mwaka 1938 Mmarekani Arnold Willat akaleta dawa isiyohitaji moto. Kufikia hapo Seoul, ingawa chini ya ukoloni wa Japani, ilikwisha kuwa na Oh Yeop-ju, aliyefungua saluni ndani ya duka kubwa la Hwashin mwaka 1933. Baada ya Vita vya Korea, umeme ukiwa adimu, mafundi walikunja nywele kwa joto la makaa. Nikifikiria mkono uliojua makaa yameiva kiasi gani karibu na ngozi ya kichwa cha mtu, naishiwa maneno.

Kisha nchi ikazigeuza nywele kuwa mtaji. Miaka ya 1960 wanawake maskini waliuza nywele zao, na mawigi yakawa miongoni mwa bidhaa kuu zilizopelekwa nje. Agosti 1979 wafanyakazi wa kike wa kiwanda cha mawigi cha YH, karibu 200, walipiga kambi katika makao ya chama cha upinzani wakipinga kufungwa kwa kiwanda chao. Polisi wakawavamia, na mmoja wa wafanyakazi hao, Kim Kyung-sook, akafa. Msukosuko uliofuata ulichangia kuutikisa utawala wa Park Chung-hee, na Oktoba mwaka huo huo rais huyo akauawa kwa risasi. Wanawake wa kizazi hicho ndio waliokuja kuvaa ile pama fupi ya vijikunjo vya kubana ambayo vijana wa Seoul wanaicheka, wakiiita ya mashangazi. Mimi siicheki. Hukaa muda mrefu, haitaki draya wala kioo, na mwenye nayo anaamka, anafunga aproni, anaingia jikoni au sokoni. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiokuwa na robo saa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye siasa, siwezi kuipita tarehe 10 Machi 2017. Siku hiyo Lee Jung-mi, kaimu rais wa Mahakama ya Katiba, alishuka garini kwenda kusoma hukumu ya kumwondoa madarakani Rais Park Geun-hye, rola mbili za waridi zikiwa zimesahaulika nyuma ya kichwa chake. Wengi hawakumcheka, waliona mwanamke ambaye akili yake yote ilikuwa kazini. Park, binti wa yule aliyeuawa 1979, alikuwa amelaumiwa kwa muda alioutumia kutengenezwa nywele siku meli ya Sewol ilipozama, Aprili 2014.

Kwetu Afrika Mashariki kemia hiyo hiyo ya pama iliingia kwa mlango mwingine. Miaka ya 1980 ilikuja kalikiti, mtindo uliotoka kwa Wamarekani Weusi, ambao Comer Cottrell wa kampuni ya Pro-Line aliufungasha kwenye boksi la kujifanyia nyumbani na kupata utajiri. Nywele za Kikorea ni nene, za mviringo, na huukataa mkunjo. Zetu ni bapa kidogo, na mkunjo umo tangu shinani. Kwa hiyo kwetu ilibidi wimbi la kuzaliwa liuawe kwanza kwa dawa moja, kisha wimbi la kununua lipandwe kwa nyingine, halafu mtu ajinyunyizie maji na mafuta kutwa kucha ili lisife. Kola za mashati ziliroa. Makochi yakawekewa vitambaa vya mgongoni. Waliofanyiwa na fundi anayejua walipendeza kweli, tusiwe wachoyo wa sifa. Waliojifanyia bafuni kwa kusoma boksi, wengi walibaki na vitambaa kichwani hadi nywele zilipoota upya.

Wala hatukukosa mikono ya namna ile ya Imun. Msusi wa zamani, yule wa kukalia kigoda huku wewe umekaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, alikuwa akikipapasa kichwa kabla ya kushika kitana. Alijua pembe za uso zilizoanza kunyonyoka, alijua mtoto aliyetoka kuugua homa. Ukimtajia mtindo wa kubana alikujibu: "Nywele zako zimechoka, mwanangu. Nikusuke twende kilioni, upumzike." Ukanuna, ukasukwa twende kilioni, na nywele zikabaki kichwani. Leo msichana wa Sinza au Eastleigh, aliyekesha na tamthilia za Kikorea, anabeba picha ile ile aliyoibeba msichana wa Seoul, na anajibiwa "inawezekana" kabla hajakaa. Hakuna anayemwambia kuwa mawimbi mengi ya pichani hayatokani na pama. Yamepigwa kwa chuma cha moto dakika chache kabla ya kamera, kwenye nywele zilizoongezewa nywele nyingine, chini ya taa zilizopangwa na watu wanaolipwa kuzipanga.

Seoul yenyewe haijapona. Sehemu kubwa ya vichochoro vya Imun imebomolewa kupisha minara ya makazi, na saluni za chumba kimoja zimeondoka na vichochoro hivyo. Katika zile kubwa zilizobaki, zenye viti safu kwa safu, mwanagenzi anakuosha, mwingine anakupaka dawa, wa tatu anachomeka nyaya, na fundi mwenye jina kubwa anapita mwishoni kukugeuza mbele ya kioo. Kazi inakwenda haraka na mashine hazikosei joto. Lakini hakuna mkono hata mmoja uliokishika kichwa kile toka mwanzo hadi mwisho, na kichwa kikiharibika kila mtu atakuwa alitimiza sehemu yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kuweka mawimbi, iwe Seoul au Sinza, iache simu mkobani mpaka fundi akushike kichwa. Mwambie ukweli wa kila blichi na kila relaksa uliyopitia mwaka uliopita, pamoja na zile ulizojipaka mwenyewe usiku. Mwambie unaamka saa ngapi. Na akikupa saa tatu za mikono yake, mlipe bei aliyoitaja, usivutane naye.