Jiji Lisilo na Mfalme: Dubrovnik katika Tamthilia ya Game of Thrones na Safari ya Mtazamaji

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, mandhari hufafanuliwa kuwa ni mahali na wakati ambapo matukio ya kazi ya sanaa hutendeka. Fasili hii inatosheleza pale kazi inayohakikiwa ni riwaya, kwa kuwa mahali pa riwaya pamo ndani ya maneno. Kazi ya televisheni ni tofauti. Kamera haiwezi kupiga picha ya neno. Inahitaji ukuta, ngazi, bahari na anga. Kwa hiyo, hata hadithi ya kubuni kabisa, yenye majoka na wafu wanaotembea, hulazimika kuazima mahali halisi penye watu na historia yao. Mahali hapo huendelea kuwapo baada ya kamera kuondoka, na mtazamaji mwenye nauli anaweza kwenda kupaona.

Uhakiki huu unachunguza safari hiyo ya mtazamaji kwa kurejelea tamthilia ya Game of Thrones, iliyorushwa na HBO ya Marekani kuanzia mwaka 2011 hadi 2019 katika misimu minane yenye vipindi 73. Tamthilia hii, iliyotokana na riwaya za George R. R. Martin, ilirekodiwa katika nchi kadhaa, zikiwamo Ayalandi ya Kaskazini, Kroatia, Hispania, Malta na Moroko. Mjadala wetu utajikita zaidi Dubrovnik, mji wa Kroatia uliotumika kama King's Landing, makao makuu ya wafalme wa Westeros.

Hoja kuu ni kwamba mahali palipoazimwa hapanyamazi. Dubrovnik inaikosoa tamthilia katika jambo lile lile ambalo tamthilia imelifanya kuwa kiini chake, yaani swali la nani atawale na kwa muda gani. Mgeni anayefika Dubrovnik na kuona humo picha za tamthilia peke yake anaondoka bila kuusikia uhakiki mzito kuliko wote wa kazi anayoipenda.

Jamhuri iliyovishwa taji

Msimu wa kwanza wa tamthilia ulitumia Malta kama King's Landing. Kuanzia msimu wa pili, kazi hiyo ilihamishiwa Dubrovnik. Sababu za kisanaa zinaonekana bila kuelezwa. Mji mkongwe umezungushiwa kuta zenye urefu wa takriban mita 1,940. Bahari inagonga miguu ya kuta hizo. Na ngome ya Lovrijenac imesimama peke yake juu ya mwamba, nje ya mji, ikiitazama ghuba. Waandaaji waliongeza minara na majumba kwa kompyuta, lakini uzito wa jiwe ni wa Dubrovnik. Bila uzito huo, njama za kasri zingeonekana kama mchezo wa jukwaani.

Ngome ya Lovrijenac ndiyo iliyotumika katika matukio kadhaa ya Red Keep, kasri la mfalme. Hapa ndipo kinaya cha kwanza kinapojitokeza. Dubrovnik, ambayo zamani ilijulikana kama Ragusa, ilijitawala kama jamhuri kuanzia mwaka 1358 hadi 1808, jeshi la Napoleon lilipoifuta. Ni kweli kwamba katika vipindi mbalimbali iliwatambua wakubwa wa nje, na kwa muda mrefu ililipa kodi kwa sultani wa Uthmaniya. Hata hivyo, ndani ya kuta zake hapakuwa na mfalme. Juu ya mlango wa Lovrijenac yenyewe kumechongwa maandishi ya Kilatini yanayotangaza kwamba uhuru hauuzwi hata kwa dhahabu yote. Mgeni anayepanda ngazi za ngome hiyo akitafuta kasri la Lannister hupita chini ya maandishi hayo.

Kiongozi wa jamhuri aliitwa Rekta. Alichaguliwa kutoka miongoni mwa watu wa tabaka la juu, na muda wake wa kukaa madarakani ulikuwa mwezi mmoja tu. Katika mwezi huo aliishi ndani ya Jumba la Rekta, na hakuruhusiwa kutoka isipokuwa kwa shughuli za dola. Utaratibu huu ulikusudiwa kumnyima mtu mmoja nafasi ya kuzoea kiti. Jumba hilo lingalipo, na uwanja wake wa ndani ulitumika katika msimu wa pili kama makazi ya tajiri wa viungo wa mji wa Qarth, yule anayemkatalia Daenerys msaada wa merikebu. Uteuzi huo una mantiki, maana Ragusa ilikuwa dola ya wafanyabiashara. Lakini pale ambapo historia iliweka kizuizi dhidi ya tamaa ya madaraka, hadithi imeweka msichana anayedai kiti cha enzi kwa sababu kilikuwa cha baba yake.

Tulinganishe sasa na mwisho wa tamthilia. Katika kipindi cha mwisho, kilichorushwa tarehe 19 Mei 2019, joka anakiyeyusha Kiti cha Enzi cha Chuma. Mabwana na mabibi wa Westeros wanakutana kuamua mustakabali. Samwell Tarly anapendekeza kwamba watu wote wapige kura, na wenzake wanaangua kicheko. Kisha wanamchagua Bran kuwa mfalme, na kukubaliana kwamba baada yake wafalme watateuliwa na wakubwa wenyewe badala ya kurithishana.

Wahakiki wengi wamelalamikia haraka ya msimu huo wa mwisho. Tatizo tunaloliona hapa ni la ndani zaidi. Tamthilia imetumia misimu minane kuonesha jinsi kiti kimoja kinavyoharibu kila anayekikalia au kukitamani. Inapofika wakati wa kutoa jibu, inampa mtu mwingine mamlaka ya maisha. Kicheko dhidi ya Samwell kinatuaminisha kwamba mbadala pekee wa ufalme ni kura ya kila mtu, na kwamba wazo hilo halifikiriki katika ulimwengu wa aina hiyo. Ragusa inakanusha. Mabwana wake nao wangemcheka Samwell, kwa kuwa jamhuri yao haikuwa demokrasia. Mafundi, mabaharia na wakulima hawakuwa na sauti katika Baraza Kuu. Lakini mabwana hao hao wasingethubutu kumpa Bran zaidi ya siku thelathini. Mahali palipotumika kujenga taswira ya King's Landing palikuwa na fikra ya kisiasa pana kuliko ile ambayo tamthilia iliweza kuibuni.

Ngazi na umati

Mfano wa pili ni ngazi za Wajesuti, zilizojengwa katika karne ya 18 kuelekea Kanisa la Mtakatifu Ignasi. Mwishoni mwa msimu wa tano, mwaka 2015, Cersei Lannister anaanzia hapo matembezi ya toba. Amenyolewa nywele na kuvuliwa nguo; mtawa anamfuata akipiga kengele na kutamka neno la aibu, huku umati ukimtukana na kumrushia uchafu.

Nguvu ya tukio hilo inatokana na kubadilika kwa msimamo wa hadhira. Cersei ni mhusika tuliyemchukia kwa haki. Tulitaka aadhibiwe. Adhabu inapokuja, kamera inakaa karibu na uso wake kwa muda mrefu mno hadi hamu yetu inatuchoma, na umati unaanza kuonekana mbaya kuliko mwenye hatia. Tukio zima linamshtaki mtazamaji.

Leo ngazi hizo ni miongoni mwa sehemu zinazotafutwa sana na wageni, na wengi huzishuka wakiigiza huku wenzao wakipaza sauti ya aibu na kucheka. Hatuna haja ya kuwalaumu. Kuigiza ni njia ya zamani ya kuonesha mapenzi kwa hadithi. Kinachofaa kuzingatiwa ni upande ambao mwigo huo unauchukua. Mgeni anadhani anaigiza nafasi ya Cersei, ilhali kikundi chake kimechukua nafasi ya umati, yaani nafasi ambayo tukio lilitaka tuione haya. Ziara imeyabakiza maneno ya tukio na kuigeuza maana yake. Tunalazimika kuhitimisha kwamba kufika mahali hakumfanyi mtu kuwa msomaji bora wa kazi; kunaweza hata kumrudisha nyuma ya pale alipofikishwa na kioo cha televisheni.

Mapaa mapya

Anayetembea juu ya kuta za Dubrovnik huona chini yake mapaa ya vigae. Baadhi ya vigae vimefifia kwa umri. Vingi vina rangi kali ya chungwa. Vile vyenye rangi kali, kwa sehemu kubwa, ni vya baada ya vita. Mwezi Oktoba 1991, Kroatia ikiwa inajitenga na Yugoslavia, Jeshi la Wananchi wa Yugoslavia liliuzingira mji huu, na mzingiro ukaendelea hadi mwaka 1992. Shambulio kali kuliko yote dhidi ya mji mkongwe lilitokea tarehe 6 Desemba 1991. Mji ulikuwa umeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1979. Ulihamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1991, na kutolewa humo mwaka 1998 baada ya ukarabati. Mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani ilikuja kuwatia hatiani makamanda kutokana na mashambulizi hayo.

Katika kipindi cha tano cha msimu wa nane, kengele za King's Landing zinalia kuashiria kwamba mji umesalimu amri. Daenerys, akiwa juu ya joka, anauchoma hata hivyo. Sehemu ya mitaa inayoteketea ilijengwa upya Belfast kwa kuiga mitaa ya Dubrovnik, kwani mji halisi usingeweza kutendewa hivyo kwa ajili ya picha. Baada ya dakika za mwanzo kamera inashuka kutoka angani na kumfuata Arya barabarani, kati ya vumbi, damu na watoto.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo tamthilia inapoukaribia mji wake zaidi kuliko mahali pengine popote. Inaacha kuuliza nani anashinda, na kuuliza kunakuwaje kuwa chini wakati moto unatoka juu. Wakazi wa Dubrovnik wenye umri wa kutosha wanalijua jibu. Anayepita Stradun, barabara kuu ya mji mkongwe, akitafuta mahali pa moto wa kubuni, anakanyaga mawe yaliyopigwa na makombora ya kweli. Ramani zilizowekwa kwenye malango ya mji huonesha majengo yaliyoharibiwa, na kusoma ramani hiyo kabla ya kuingia ni sehemu ya kukielewa kipindi hicho.

Mzigo wa mahali

Yapo maeneo ambayo hayana ubishi wa namna hii na hadithi. Dark Hedges, barabara ya Ayalandi ya Kaskazini iliyofunikwa na matawi ya miti iliyopandwa na familia ya Stuart katika karne ya 18, ilionekana kwa muda mfupi sana mwanzoni mwa msimu wa pili kama Kingsroad. Mwonekano huo mfupi ulitosha kuleta wageni wengi kiasi kwamba mwaka 2017 barabara ilifungwa kwa magari ili kuilinda mizizi. Hapo mgeni anatafuta uzuri, anaukuta, na anarudi na picha. Hadithi haikupotosha kitu, lakini miti ndiyo iliyobeba mzigo wa umaarufu.

Dubrovnik inabeba mizigo yote miwili. Wakazi wa mji mkongwe wamepungua sana tangu mwaka 1991, na nyumba nyingi sasa hupangishwa kwa wageni. Tamthilia siyo chanzo pekee. Meli kubwa za kitalii zilikuwapo kabla yake, na mamlaka ya mji imelazimika kuziwekea kikomo cha mbili kwa wakati mmoja. Lakini mji unaotembelewa kama makao ya mfalme wa kubuni, huku wenyeji wakihama, unaelekea kubaki mandhari bila kuwa mahali.

Mtu anaweza kupinga kwamba fantasia ina haki ya kuazima na kwamba haiwiwi na historia. Haki hiyo tunaikubali. Hakuna anayemtaka mtunzi aandike tarehe za Ragusa ndani ya Westeros. Deni tunalolizungumzia ni la msomaji na mhakiki. Kama mahali pasingekuwa na maana, mtazamaji angeridhika na kioo chake na asingesafiri.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba mandhari ya kazi ya televisheni yanapaswa kusomwa mara mbili: kama mahali pa matukio ya kubuni, na kama mahali halisi penye masimulizi yake yanayoweza kuunga mkono au kupinga dhamira za kazi. Kwa upande wa Game of Thrones, Dubrovnik inauunga mkono msimu wa nane katika tukio la kuchomwa kwa mji, na inaupinga katika suluhisho lake la kisiasa.

Katika kisiwa cha Lokrum, mkabala na mji, kuna nakala ya Kiti cha Enzi cha Chuma ambayo wageni huikalia ili wapigwe picha. Tunawashauri wapenzi wa tamthilia, na mwandishi wa uhakiki huu ni mmoja wao, waanze na Jumba la Rekta kabla ya kupanda mashua ya kwenda kisiwani. Atakayefanya hivyo atakalia kiti hicho akijua kwamba, ng'ambo ya maji, palikuwapo watu waliomruhusu kiongozi wao kukaa mwezi mmoja, kisha wakamtaka ampishe mwingine.