Vifuu vya Kwale: Kati ya Gesi na Mkaa

Nazi inapofuliwa katika vijiji vya Waa, Tiwi, Gazi na Msambweni huacha makumbi, na inapokunwa huacha kifuu. Mabaki hayo, pamoja na magunzi ya mahindi na matawi ya mivinje na mikorosho, kwa kawaida huishia katika mafiga, ambako huungua hadi kuwa majivu na kujaza jikoni moshi ambao mwanamke na watoto walio karibu naye huuvuta kila siku. Mradi wa utafiti uliowaunganisha wataalamu wa kituo cha kimataifa cha kilimo-mseto, ICRAF, chenye makao yake Nairobi, na Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Uswidi, ambao matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 2016, ulijaribu njia nyingine pamoja na familia za wakulima katika kaunti za Embu, Kwale na Siaya. Familia hizo zilipewa jiko liitwalo Gastov, lililotengenezwa na taasisi ya utafiti wa viwanda ya Kenya, KIRDI, na ambalo hupika kwa gesi itokayo katika mabaki yenyewe, kisha huacha mkaa badala ya majivu.

Siri ya jiko hilo imo katika mahali moto unapowashwa na mahali hewa inapoingilia. Vipande vikavu hupangwa ndani ya kopo la chuma, moto huwashwa juu wala si chini, na hewa kidogo tu huruhusiwa kupanda kutoka chini, kiasi kwamba ukanda mwembamba wa moto huteremka polepole ndani ya kopo huku ukila hewa yote inayoufikia. Joto la ukanda huo huvunjavunja kuni zilizo chini yake bila kuziteketeza, na tendo hili la kuvunjwa na joto pasipo hewa ya kutosha ndilo wanasayansi huliita pirolisisi. Maji hukauka kwanza, panapo nyuzi 100 za Selsiasi; kati ya nyuzi 200 na 400 hivi sehemu laini za mmea huvunjika na kutoa mvuke wa lami, hidrojeni, methani na kaboni monoksidi; lignini, yaani ile gundi ngumu inayoupa mti uimara wake, huchelewa kuvunjika na ndiyo inayochangia sehemu kubwa ya mkaa unaobaki. Gesi hizo hupanda kupitia mkaa wa moto ulio juu, hukutana na hewa ya pili inayoingia kwa matundu ya ukingoni, na hapo ndipo huwaka kwa mwali safi chini ya sufuria.

Kanuni hii ilifikiwa na watu wawili kila mmoja kwa njia yake: Thomas Reed wa Marekani katika miaka ya 1980, na Paal Wendelbo, Mnorwe ambaye sehemu ya majaribio yake aliyafanya Uganda, katika mazingira ya wakimbizi waliokosa kuni na kulazimika kutumia nyasi na vijiti.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, na ambalo wasifiaji wa teknolojia hii hulipita haraka mno, ni kwamba gesi na mkaa hugombea kaboni ile ile. Mwali ukiisha, kopo lina mkaa wenye uzito wa takriban asilimia 15 hadi 25 ya kuni zilizotiwa. Mpishi asipoumwaga na kuuzima kwa maji au kwa kuufunika usipate hewa, mkaa huo nao huanza kuungua na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu iwezayo kuua katika chumba kilichofungwa. Dakika hiyo ya kuzima ndiyo inayoamua kama kuna bayocha, yaani mkaa wa kurutubisha udongo, au kuna majivu tu. Watafiti waliona pia kwamba familia nyingi ziliutumia mkaa huo kupikia tena, na hakuna haki ya kuzilaumu, kwa kuwa mkaa ni pesa. Ugumu mwingine ulikuwa katika kukata kuni vipande vidogo na katika kulijaza kopo upya kabla chakula cha kuchemka muda mrefu hakijaiva.

Hata hivyo, mkaa wa jikoni si mkaa amilifu, ule unaochuja maji na hewa, na kuvichanganya vitu hivi viwili ni kosa. Ili kupata mkaa amilifu, mkaa wa kawaida hupitishwa mvuke wa maji katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Mvuke hula sehemu ya kaboni na kuchimba vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na kaboni iliyoliwa huungana na mvuke huo na kutoa kaboni monoksidi na hidrojeni, gesi mbili zinazowaka na ambazo hutumika kulipia sehemu ya joto la tanuri lenyewe. Gramu 1 ya mkaa mzuri wa aina hii huwa na eneo la ndani la takriban mita za mraba 1,000, zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa kikapu. Gharama yake ni kubwa: tani 10 za vifuu hutoa takriban tani 3 za mkaa, na baada ya mvuke hubaki tani 1 au zaidi kidogo.

Kifuu kinafaa kazi hiyo kuliko mabaki mengi kwa sababu ya wingi wa lignini na ugumu wake, unaozaa vinyweleo vidogo sana. Ndiyo maana Marekani ilikusanya vifuu mwaka 1918 kwa ajili ya barakoa za kukinga gesi ya vita, na ndiyo maana Sri Lanka na Ufilipino huuza bidhaa hiyo ng'ambo hadi leo. Makumbi, kwa upande wake, yana potasiamu nyingi, na mkaa wake unaufaa zaidi mchanga wa pwani, usioshika maji wala mbolea.

Kwa hiyo wanaokamua na kusindika nazi Msambweni na Diani wasivirundike vifuu na makumbi pamoja: makumbi na magunzi yaende kwenye majiko ya gesi na mkaa wake urudi shambani, na vifuu vihifadhiwe peke yake, vikavu, hadi tanuri la mvuke lipatikane.