Kila Mzigo na Baridi Yake

Londiani baridi haiuzwi. Mji umekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, kusini kidogo tu mwa mstari wa ikweta, na asubuhi za Julai mama wa chai pale stendi hujifunga leso mbili juu ya sweta. Siagi hukaa mezani kutwa bila kuyeyuka. Mgeni akiambiwa kwamba mjini humu kuna watu wanaochoma dizeli ili wapate baridi, atadhani anataniwa.

Lakini baridi ya Londiani haisafiri. Teremka kwa barabara ya Fort Ternan hadi Muhoroni, na kabla hujamaliza stori uliyoanza, sweta iko kitini, madirisha yamefunguliwa na miwa imesimama pande zote mbili. Umeshuka karibu mita elfu moja. Hata mjini kwenyewe baridi hiyo haina uaminifu: alfajiri inakuuma vidole, saa nane mchana bati la gari lililoegeshwa juani halishikiki. Mwenye kreti za mala, au katoni za soseji, au ndoo za maua, hawezi kuitegemea. Anataka baridi iliyopimwa, itakayokuwa ileile Londiani, Kericho na Kisumu.

Nataka kuwasifu wanaoibeba baridi hiyo kwa mizigo midogo. Wenye trela za kontena zima wana wa kuwasifu: wana mikataba, wana mitambo ya kutuma joto la mzigo ofisini kila baada ya dakika chache. Ninaosema habari zao ni wa lori la tani tatu au tano, boksi jeupe, kipoza hewa juu ya kichwa cha dereva, na ndani mali ya watu saba ambao hawajuani.

Sehemu hii ya nchi haikupangwa kwa ajili yao. Tangu miaka ya 1920 ilipangwa kwa ajili ya chai, na chai ikishakaushwa haijali joto. Unaipakia Kericho, unaishusha Mombasa kwenda mnadani, na hakuna anayeuliza njiani kulikuwa na nyuzi ngapi. Adui wake ni unyevu na harufu. Barabara, maghala, hata fikra za wenye malori, vyote vimezoea mzigo mkubwa, mkavu, wa aina moja. Ila Londiani yenyewe ina historia nyingine ambayo huwa haikumbukwi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, stesheni yetu ikawa mahali pa kushushia mali ya nyanda za Uasin Gishu. Walowezi wa Kikaburu walipohamia huko kuanzia 1908, shehena ya treni ilivunjwa hapa ikawa mizigo ya mikokoteni ya ng'ombe, ikapelekwa Eldoret kwa njia ya matope iliyotesa watu na wanyama, hadi Eldoret ikapata reli yake mwaka 1924. Kugawa mzigo mkubwa kuwa midogo na kuupeleka kusikofika treni ni kazi iliyofanywa mjini humu zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mashine yenyewe tunayo kwa sababu ya mtu aliyesoma kidogo sana darasani. Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi aliyeachwa yatima mapema, alijifundisha umakanika na umeme kwa kusoma na kufungua vitu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alibuni kipoza hewa cha kufungwa kwenye lori na kuhimili mitikisiko ya barabara. Inasimuliwa kwamba bosi wake, Joseph Numero, alikuwa amemsikia mwenye malori akilia kwamba shehena ya kuku imemwozea njiani. Kabla ya hapo watu walisafirisha kwa barafu na chumvi, wakiomba Mungu pasitokee pancha. Jones alikufa mwaka 1961. Marekani ilimpa nishani yake ya taifa ya teknolojia mwaka 1991, miaka thelathini baadaye. Mafundi wamezoea kungoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na wenye lori huchoka kulieleza, ni kwamba mashine ile haipozi mzigo. Inatunza. Nguvu yake inatosha kuondoa joto linalopenya kutani na linaloingia mlango ukifunguliwa. Ukiipa maziwa yenye nyuzi 20 ufike nayo nyuzi 4, utafika Kisumu na maziwa ya moto, tena utakuwa umeipandishia joto mali ya wenzako sita. Kwa hiyo ufundi unaanza kabla ya lori kuwashwa, na unaanza kwa swali. Kuna mpakiaji mmoja ninayependa kusimama nimtazame. Kila mzigo ukiletwa huuliza, "Hii imelala wapi?" Hajali imetoka kwa nani. Anataka kujua kama usiku ilikuwa kwenye tangi la kupozea la ushirika, au kwenye friji ya duka iliyozimika stima ilipopotea, au sakafuni kwa mtu anayeamini baridi ya Londiani. Kisha huweka mgongo wa kiganja kwenye kreti ya katikati, si ya juu, na baada ya hapo ndipo hutoa kipimajoto, hukibana kati ya pakiti mbili bila kuzitoboa, akangoja. Hapo mwenye mali huanza kuongea sana. Yeye hajibu mpaka namba itulie. Ikizidi, mzigo unabaki, hata kama ni wa binamu yake.

Minji humpa mpakiaji huyo taabu kuliko maziwa. Minji mibichi ikishachumwa inaendelea kupumua kwa kasi kuliko mboga nyingi, na kupumua huko kunatoa joto. Gunia la minji lililochumwa saa sita linajipasha lenyewe kutoka ndani. Ukitia mkono katikati ya gunia utashangaa. Huyu anaikataa kwenye gunia kabisa, anaitaka kwenye kreti zenye matundu, iwe imechumwa asubuhi na kukaa kivulini.

Halafu kupanga. Hewa baridi hutoka mbele juu, hukimbia chini ya dari hadi milangoni, hushuka na kurudi chini kwa chini. Ukijaza mpaka darini umeiziba. Ukibandika kreti ukutani, joto la bati linaingia moja kwa moja kwenye mala. Kwa hiyo paleti sakafuni, nafasi ya vidole vinne ukutani, na juu usivuke mstari uliochorwa. Kinachopakiwa mwanzo ndicho kitakachoshushwa mwisho, maana kila dakika mlango ukiwa wazi Muhoroni ni baridi ya watu wengine inayomwagika barabarani. Na si kila mtu akae na kila mtu. Avokado na ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na karnesheni zikiivuta husinyaa kabla hazijafika sokoni. Ndizi yenyewe ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi huwa nyeusi. Samaki na siagi hawapaswi hata kusikiana. Aiskrimu inataka nyuzi 18 chini ya sifuri, na hiyo haina mjadala: iwe na chumba chake, au isipande. Yogati ikiwekwa chini ya mdomo wa kipoza huganda, na ikiyeyuka inakuwa chengachenga. Anayepakia lori la watu saba ana kazi ya mama mwenye harusi anayejua ni shangazi yupi asikalishwe karibu na yupi.

Wenye magari madogo wana tatizo jingine. Kipoza chao mara nyingi huzungushwa na injini ileile ya gari, na ukizima gari umezima baridi. Ndiyo maana utaona dereva anakula ugali wake huku gari likinguruma nje na watu wa meza ya jirani wakinung'unikia moshi. Wanung'unike. Ile ni baridi ya watoto wa mtu inayonguruma pale. Ninachowaheshimia zaidi ni kwamba wanafanya haya kwa mwendo wa pole. Saa zote zinawahimiza wakimbie, na mteremko wa Londiani Junction unasaidia. Tarehe 30 Juni 2023 lori lililoshindwa kusimama lilivamia magari na wachuuzi pale junction, na watu zaidi ya 50 wakafa. Tangu siku hiyo sijamsikia dereva wa huku akijisifu kwa dakika alizookoa.

Chanjo ndizo mzigo mdogo kuliko yote, na husafiri peke yake. Kutoka bohari za kanda zinashuka hadi kaunti ndogo, na kutoka hapo hadi zahanati husafiri ndani ya kisanduku ambacho muuguzi hukipakata mapajani. Zinataka kati ya nyuzi 2 na 8. Kila mtu anaogopa joto, na kwa joto kuna msaada: vichupa vingi vina alama ya mraba ndani ya duara, iliyoanza kutumika kwenye chanjo ya polio mwaka 1996, mraba ukiiva mpaka ukalingana rangi na duara, chanjo imekwisha. Ila kuganda hakupigi kelele. Chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria ya Hib, ikiganda huharibika, na ikiyeyuka macho hayatambui upesi. Itabidi uitikise, uiweke kando ya kichupa kilichogandishwa makusudi, utazame kama mashapo yanatua upesi vilevile. Ndiyo maana muuguzi anayejua kazi hachukui pakiti ya barafu kutoka friza na kuitia moja kwa moja kisandukuni. Huiacha mezani mpaka itoe jasho, huishika na kuitikisa sikioni. Akisikia maji yakicheza ndani, sasa iko tayari. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tendo la ustadi mkubwa kuliko yote katika kazi hii nzima, na halihitaji hata betri.

Wakipsigis, wenyeji wa huku, hawakuwa wajinga wa mambo haya ya kutunza. Mursik, maziwa yanayochachushwa ndani ya sotet, yaani kibuyu, iliyosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, yalikaa siku na wiki bila kipimajoto chochote. Waliukubali uchachu wakautawala. Lori la friji linafanya kinyume chake, linaahirisha tu, na ahadi yake inadumu kwa muda ambao dizeli ipo. Mzee mmoja aliniambia mtindi wa dukani ni maziwa yanayoogopa. Siwezi kumpinga sana, ingawa wajukuu wake wanaupenda.

Pesa ziko kwenye kukusanya. Lori linakunywa dizeli ileile likiwa na kreti kumi au mia, kwa hiyo asiye na mzigo wa kujaza lori hana budi kupata wenzake, na kuna watu mjini ambao kazi yao ni simu tu: ushirika una hiki, hoteli ya Kericho inataka kile, duka la Muhoroni linangoja soseji, gari linaondoka saa kumi na moja. Wanachukua asilimia yao na wanastahili. Wao ndio wanaotuliza pia ugomvi wa vikombe vilivyovimba. Kikombe cha yogati kilichofungwa Kisumu, karibu na usawa wa ziwa, kikipanda huku mfuniko wake hutuna, na mwenye duka hukikataa akisema kimechacha. Ni hewa tu iliyofungiwa bondeni.

Ugumu ni safari ya kurudi. Lori likienda Kisumu na maziwa lisirudi tupu, na mzigo wa Kisumu ni samaki. Mbuta wa barafu analipa vizuri. Ila kesho yake asubuhi boksi lilelile linatakiwa kupakia krimu, na harufu ya samaki haiogopi maji baridi. Lazima sakafu isuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, mifereji izibuliwe magamba, milango iachwe wazi, kisha mashine iwashwe upya ipoze boksi kabla kreti ya kwanza haijapanda. Hayo ni zaidi ya saa moja, tena saa za usiku, utingo akiwa ameinama na brashi. Wako wenye magari wanaoiruka kazi hiyo na kutoza bei ndogo. Utawajua: gari likifunguliwa alfajiri, wao husimama upande upepo unakotoka.